Mkono Uko Wapi

Fundi alikuwa na tabia ya kumshika mtu kifundo cha mkono kabla ya kumwamkia. Ulifika barazani kwake, ukanyoosha mkono kama watu wote wa Juba wanavyofanya, naye hakupokea kiganja. Vidole vyake vilipita juu ya kiganja vikaenda kukaa pale mfupa unapotokeza, gumba likakutana na kidole cha kati, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza sauti za nyumba ya jirani. Halafu ndipo aliposema, "Habari za nyumbani." Wageni walidhani ni mganga anayehesabu mapigo ya moyo. Yeye alikuwa anapima tu.

Nimeanza na hapo kwa sababu ndicho kinachonijia kwanza. Mengine huja yakipenda, hayafuatani, nami sikusoma kiasi cha kujua namna ya kuyapanga. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, wapo wanaojua kuliko mimi. Jina lake limo kwenye karatasi ya padri. Hapa nitamwita Fundi, kama sote tulivyomwita. Nilimjua miaka sita, labda saba, baada ya amani kuja na sisi tuliokuwa Uganda kurudi, na karibu miaka yote hiyo nilimwona akiwa ameketi.

Kazi yake ilikuwa moja. Alitengeneza majaketi ya ngozi ya marubani. Ngozi yenyewe hakuigusa sana, maana ngozi ile huishi kuliko mtu. Alitengeneza ile mikanda ya sufu iliyofumwa, miwili inayobana mikononi na mmoja mpana unaobana kiunoni ili upepo usiingie. Hiyo ndiyo huchakaa kwanza. Unaanza uzi mmoja kuning'inia, mwenyewe anaukata kwa meno, kesho zinakuwa tatu, kisha nondo wanapata habari, na baada ya mwaka mkono wa jaketi umebaki wazi kama mdomo.

Mtu anaweza kuuliza majaketi ya namna hiyo yalitafuta nini Juba, mahali ambapo mchana hata mbuzi hawataki kusimama. Yalikuwepo. Mengine yaliachwa na marubani wa Kizungu wa vile vita vikubwa vya zamani, waliotua hapa kujaza mafuta wakauza nguo zao. Mengine yalikuja na sisi kutoka kwenye mitumba ya Kampala. Wanajeshi walikuwa nayo, na wapiganaji waliotoka msituni pia. Lakini walioyapenda kuliko wote walikuwa madereva wa malori waliokwenda kuchukua mbao Katire, kule kwenye milima ya Imatong, ambako asubuhi pumzi ya mtu inaonekana kama moshi. Dereva asiye na jaketi la rubani, wenzake walimwita tanboi, utingo tu, hata kama alikuwa na watoto wanane.

Baraza lake lilikuwa mtaa wa Buluk, ubavuni mwa nyumba ya mawe, upande wa njia ya kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa amefunga waya toka nguzo hadi nguzo, na majaketi yaliyosubiri yalitundikwa hapo kwa safu. Saa saba mchana, wakati mji wote umelala na hata vumbi limelala, nilikuwa nikiyatazama yakijaa upepo kifuani kidogo kidogo na kupungua tena. Yalikuwa kama watu waliotoka mara moja, wakaacha miili yao ikiendelea kupumua mpaka warudi. Harufu ya pale ilikuwa ya ngozi, jasho la zamani, na chai.

Chai ilikuwa rangi yake. Sufu mpya hatukuipata Juba. Alinunua sweta za shule zilizotoka sehemu za baridi za Uganda, za bluu, za kijani, akachagua zile nyeupe zilizogeuka manjano, akazifumua, akauzungusha uzi kwenye miguu ya kiti kilichopinduliwa, akauloanisha ili usahau mikunjo yake, kisha akauchemsha kwenye sufuria ya majani ya chai mpaka ukawa rangi ya ngozi. Mvua ilipowanyeshea madereva njiani, mikono yao ilinukia kama kantini. Hilo walilileta kama malalamiko.

"Fundi, jana mlimani nimenyonya mkono wangu mpaka nikashiba," dereva mmoja alimwambia.

"Ulikuwa na sukari?"

"Haukuwa na sukari."

"Basi leta sukari, nitatia."

Sindano zake zilikuwa spoki za baiskeli, nne, alizozisugua ncha kwenye jiwe. Alifuma kwa kuzunguka, bila mshono, vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, mpaka unatoka mkanda wenye mistari kama mbavu za mtoto, unaovutika na kurudi. Watu walimcheka. Mwanamume mzima, mwenye sauti kama ngoma, anafuma kama masista. Alisema kweli aliwaona masista, alikuwa akifagia nyumba yao huko Uganda, na katika kufagia macho hayafungwi. Zaidi ya hapo hakueleza.

Alikuwa akilala kazini. Kichwa kilianguka kifuani, mdomo ukafunguka, lakini mikono haikusimama. Siku moja nilihesabu vitanzi kumi na sita alivyofuma huku anakoroma. Nilipowasimulia watu nilisema vyote vilikuwa sawa. Si kweli, kimoja kilianguka, nami nilikiokota kimyakimya kabla hajaamka.

Ndege alizitambua kwa sauti. Tulikuwa hatujaona kitu angani, anasema, "Hiyo ni ya Khartoum," au, "Hiyo ndogo, ya wamisionari, injini yake inakohoa." Lakini hakuwahi kupanda. Marubani walimwahidi kumpeleka bure hata mpaka Malakal. Aliwajibu, "Sufu yangu inapanda kila wiki. Inatosha." Ndege kubwa ilipopita juu ya bati aliweka sindano chini na kuziba masikio kama mtoto, yeye aliyepata riziki yake kwa marubani.

Alikuwa mchoyo wa uzi. Kipande cha urefu wa kidole alikitia kwenye kopo. Sukari aliimwaga. Alikuwa mkweli kiasi cha kuchosha, isipokuwa katika jambo moja: kila jaketi lingekuwa tayari Ijumaa.

"Ijumaa ipi, Fundi?" madereva waliuliza.

"Ile itakayokuja na jaketi lako."

Jambo lenyewe alilokuwa mkali nalo lilikuwa matundu. Ukifumua mkanda wa zamani, unabaki mstari wa matundu madogo kwenye ngozi pale sindano ya kwanza ilipopita, huko Ulaya, mikononi mwa mtu ambaye hatutamjua. Fundi alishona kupitia matundu yaleyale, moja baada ya jingine, kwa mkono, akiivuta sufu itoshee. Hakuongeza hata moja. Nguo ukiitoboa, alisema, uzi unasogea na tundu linafunga. Ngozi haifungi. Utalala, utaamka, tundu lipo.

Mara ya kwanza aliponiachia kushona kiuno cha jaketi, niliteleza nikatoboa pembeni. Tundu lilikuwa dogo kama la siafu, nikalipaka nta nikanyamaza. Fundi alipitisha ukucha kwenye mstari wote, akafika pale, akasimama. Hakunigombeza. Mwenye jaketi alipokuja, mtu mkubwa wa lori la mbao, Fundi aligeuza kiuno akamwonyesha. "Hapa tumekutoboa," alisema. "Ulikuja na matundu tisini, unaondoka na tisini na moja." Yule mtu hakuliona tundu hata alipoonyeshwa. Mimi nililiona mwaka mzima, kila lori lile lilipopita.

Lakini sijasema nilifikaje pale.

Nilifika na jaketi la mume wangu. Mume wangu alikuwa dereva. Tulipokuwa wakimbizi aliendesha lori la pamba kaskazini mwa Uganda, na jaketi alilipata huko, akalivaa mpaka mikanda yake yote ikaisha, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutafuna uzi wa mkono akifikiri. Vita vikiwa bado, alivuka mpaka kwenda kumtafuta mama yake. Jaketi aliliacha juu ya kitanda. "Huko ni joto," alisema. "Nitunzie, nitalivaa nikirudi." Hakurudi. Amani ikaja, watu wakaanza kurudi, nami nikarudi Juba nimemshika binti yetu Poni mkono, jaketi likiwa ndani ya gunia. Wanaume walikuwa bado wanatokea. Walitoka msituni, walitoka Kongo, wengine walikuwa wameshaliliwa na wakafika wakiomba chakula. Nami nilisema wangu akitokea asikute jaketi linaning'inia nyuzi kama kitu kilichotupwa. Nililitaka liwe zima. Sikutaka kitu kingine.

Fundi alilipokea, akaligeuza, akaingiza mkono mpaka kwenye kwapa.

"La nani?"

"La mume wangu."

"Mkono uko wapi?"

"Yuko safarini."

"Basi akirudi mje wote."

"Fundi, nataka alikute tayari."

"Mama, nitabana kiasi gani? Kuna mtu mwenye mkono kama mti na kuna mwenye mkono kama spoki hii."

Nilimwambia mafundi wengine wanatumia tepu. Alijibu kwamba tepu inapima jaketi, na yeye anamfumia mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake na hakuivunja kwa mkubwa wala mdogo. Jaketi lisilokuja na mkono wake, hakulifuma. Afisa mmoja aliwahi kumtuma askari na jaketi lake. Fundi akamrudisha askari nalo, na afisa akaja mwenyewe akiwa amenuna, akashikwa kifundo cha mkono mbele za watu.

Niliondoka nikiwa na hasira. Nilikaa na hasira hiyo mwezi mzima, kisha nikafanya jambo ambalo sijivunii. Nilimchukua shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi seremala wa mtaa wa Malakia, nikampeleka Buluk nikisema, "Mume wangu amerudi."

Shemeji alikuwa mtu wa mzaha na alilipenda jambo lile. "Mimi iko tayari, Fundi," alisema, akatoa mkono. "Mimi ndiyo bwana yake. Shika tu."

Fundi alishika. Alisikiliza kwa muda wake wa kawaida. "Karibu nyumbani," akamwambia. "Ijumaa."

Ijumaa ya tatu jaketi lilikuwa kweli tayari. Mikanda ilikaa vizuri, rangi moja na ngozi. Shemeji akavaa. Fundi akamwambia anyooshe mkono, akunje, anyooshe tena. Akauliza, "Bwana unaendesha lori gani?"

"Lori," shemeji alisema. "Kubwa."

Fundi alimvuta karibu na mwanga akanionyesha mimi, si yeye. Mikunjo ya kiwiko kwenye ngozi ilikuwa chini ya kiwiko cha shemeji, vidole viwili chini, kwa sababu mume wangu alikuwa na mikono mirefu. Na mkono wa kulia wa jaketi ulikuwa umepauka kuliko wa kushoto. "Mkono huu umekaa dirishani mwa gari, juani, miaka," alisema. "Huyu ana vumbi la mbao mpaka kwenye vinyweleo."

"Malesh, Fundi, samahani," shemeji akasema, naye anacheka. "Ni mama huyu alinituma."

Fundi hakucheka wala hakukasirika. Alimvua jaketi kama unavyomvua mtoto nguo, akachukua wembe, akafumua mbele yetu kazi yake ya majuma matatu. Kisha akamwambia shemeji aende. "Wewe Mama Poni kaa." Nilidhani sasa natukanwa. Alinitia ncha ya uzi mkononi, akasema kunja. Nikakunja. Uzi ulitoka kwenye mkanda kitanzi kwa kitanzi, ukinitekenya kiganjani, na nikatengeneza donge la sufu hapo nilipokaa, machozi yakinishuka bila sauti. Aliponiona nimemaliza alilipima donge kwa mkono. "Umekunja vizuri, halikubana," alisema. "Kesho utakuja?"

Nikaja kesho, na kesho yake. Alinifundisha kufuma viuno. Kiuno kilikuwa kazi rahisi, kinapimwa kwenye jaketi lenyewe, hakidai mtu. Mikono alifuma mwenyewe. Jaketi la mume wangu lilirudi kwenye gunia, chini ya kitanda changu, mikono wazi.

Kulikuwa na jaketi jingine pale ambalo halikutundikwa kwenye waya. Lilikuwa peke yake kwenye msumari, kando ya mlango, na mikanda yake ilikuwa mibaya kuliko ya mtu yeyote aliyewahi kuja. Madereva walilisema. "Fundi, la kwako lina ndevu. Linyoe."

"Si langu," alijibu siku zote. "Mwenyewe yuko njiani."

Mwenyewe alikuwa mdogo wake, aliyeingia msituni na wapiganaji akamwachia jaketi. Hilo niliambiwa na watu wengine. Yeye mwenyewe alinitajia mara moja tu, tena kwa kupita, kwamba mdogo wake alikuwa na mikono baridi hata mchana. Lori lililojaa watu wageni lilipopunguza mwendo pale njiani, sindano zake zilisimama mpaka lipite. Sikumuuliza. Na mimi lori likipunguza mwendo nilisimama.

Kanisani alisinzia kama kazini, isipokuwa siku ya kuwaombea marehemu. Siku hiyo watu walimpelekea padri karatasi yenye majina ya wafu wao, naye aliyasoma yote, na miaka ile ya kwanza ya amani usomaji ulikuwa mrefu mpaka watoto wakalala sakafuni. Kila jina liliposomwa, wa nyumba hiyo walisimama. Nilimtazama Fundi. Hakusimama. Aliketi macho wazi, mikono juu ya magoti, vidole vikifuma hewa. Alinitazama na mimi. Sikusimama. Tulifanya hivyo miaka kadhaa.

Kisha alikuja rubani mmoja wa wamisionari, kijana mrefu wa Kizungu mwenye Kiswahili cha Kenya. Alileta jaketi lililokuwa limekauka kama gamba. Fundi akaligeuza.

"La nani?"

"Lilikuwa la baba. Alifariki," rubani alisema. "Sasa ni langu." Akatoa mkono wake.

Fundi akaushika, akapima, akafuma. Lilikuwa tayari Ijumaa ya kwanza kabisa. Mimi nilikuwa nafuma kiuno, nikakaza vitanzi kupita kiasi. Rubani alipoondoka nikasema, "Huyo mzungu umemfumia jaketi la marehemu. Langu umelikataa."

"Amesema ni lake."

"Na baba yake?"

"Baba yake hakuja kupimwa, Mama Poni. Amekuja yeye."

Sikumwelewa, au nilimwelewa nikakataa. Sijui ni lipi.

Sasa nitaandika jambo ambalo Poni hakulijua kwa muda mrefu. Mwaka mmoja, kabla mvua hazijaanza, alifika nyumbani kwangu mtu aliyetoka njia ya Torit. Alinitafuta kwa kuuliza. Alikuwa amelala nyumba moja na mume wangu mwezi ule alipovuka mpaka. Alisema mume wangu hakupigwa risasi. Aliugua homa, siku sita, akafa kabla hajamfikia mama yake, na watu wa pale walimzika vizuri. Nilijua ni yeye kweli, kwa sababu, alisema, yule mtu hata kwenye homa alikuwa anatafuna ukingo wa shati. Nikampa maji, nikamshukuru, akaenda zake. Nikabeba sindano zangu nikaenda Buluk, nikafuma kiuno.

Nilifanya hivyo mwaka mzima. Sikulia, sikumwambia shemeji, na siku ya marehemu sikupeleka karatasi. Niliona kwamba mtu ambaye habari yake ninayo mimi peke yangu, bado hajafa sana. Sijui kulieleza vizuri zaidi.

Wakati huo macho ya Fundi yalikuwa yanaingia ukungu. Alisema dunia imepata rangi ya maziwa. Madereva wapya walikuja na makoti ya nailoni, na kwenye waya yakabaki majaketi mawili, kisha moja, kisha waya mtupu ambao ndege wadogo waliupenda. Aliendelea kukaa barazani. Mimi niliendelea kuja, siku nyingine bila kazi yoyote, tunakunja nyuzi za kwenye kopo.

Asubuhi moja nilichukua gunia chini ya kitanda. Sijui kwa nini asubuhi hiyo. Nilikuwa nimemwota mume wangu akipita barabarani kwa lori lenye dirisha lililofungwa, kiwiko chake kiko ndani, hanioni, na sikuona uchungu. Nilitembea mpaka Buluk nikiwa bado kama ndani ya ndoto ile, njia ina ukungu wa vumbi na jua halijawa kali.

Fundi alinishika kifundo cha mkono. "Mama Poni," akasema. "Umekonda."

"Nimeleta jaketi."

"La mume."

"Langu."

Vidole vyake vilibaki pale pale. Nilihisi gumba likisogea kidogo, kama anarudia kupima.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, kabla ya mvua."

"Na ukaja hapa kila siku."

"Nikaja."

"Ukafuma viuno."

"Nikafuma."

Nikamweleza ile homa na zile siku sita. Alisikiliza uso umeelekea njiani. "Poni anajua?" akauliza.

"Bado. Nimeanza na wewe."

Mwanamke alipita na maji kichwani, akatuamkia, hakuna aliyemjibu. Kisha Fundi akainuka. Nimesema nilimwona ameketi karibu miaka yote. Siku hiyo aliinuka, akapapasa ukuta mpaka msumarini, akashusha jaketi la mdogo wake. Ukutani ilibaki alama yake, safi, umbo la mtu asiye na kichwa. Alirudi nalo, akaliweka magotini, akanipa mkono wake.

"Nipime," alisema.

Mikono sikuwahi kupima. Niliweka vidole pale alipozoea kuweka vyake, gumba likakutana na kidole cha kati na kukipita. Mfupa ulikuwa kama wa ndege. Kisha nikauliza, kwa sababu kazi yetu huanza hivyo.

"La nani?"

Njiani lori lilipunguza mwendo, likabadilisha gia, likaenda.

"Langu," akasema Fundi.

Alifuma mikono yangu kwa kupapasa, nami nikafuma yake. Aliangusha vitanzi, nikaviokota, na safari hii nilimwambia. Kushona nilishona mimi yote, maana hakuona matundu, lakini aliyahesabu kwa ukucha, mstari mzima, majaketi yote mawili. Hakukuta la ziada. Kazi ilichukua majuma mengi na haikuwa tayari Ijumaa. Ilikuwa tayari Jumatatu, mchana, jua likiwa katikati, mwezi ambao watu wa Juba wanazungumza polepole ili wasitokwe jasho.

Tukavaa. Mikono yangu ilikuwa mirefu mno, ngozi ilijikusanya juu ya kiwiko, lakini mwisho wake sufu ilinishika sawasawa, kama vile alivyokuwa akinishika yeye. Tuliketi barazani chini ya waya mtupu, watu wawili ndani ya majaketi ya marubani, na mji wote umelala.

Dereva mmoja wa mbao alipita kwa miguu, yule mkubwa wa tundu la tisini na moja. Akasimama akatutazama.

"Wazee," alisema, "ndege yenu inaondoka saa ngapi?"

"Hatusubiri ndege," Fundi akamwambia. "Tunaizoesha sufu."

Dereva akaenda akicheka peke yake. Fundi alifariki mwaka uleule, mvua zilipoanza, na siku ya marehemu nilipeleka karatasi yenye majina matatu, nikasimama mara tatu. Lakini mchana ule alikuwa hapo, jasho linamtiririka kwenye mashavu, anavuta mkanda wa mkono wa kushoto na kuuachia, anavuta na kuuachia.

"Inabana?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Uvue?"

"Acha," alisema.

Tukakaa hivyo mpaka kivuli cha ukuta kikafika miguuni petu, na hakuna aliyevua.